Dhana ya Masafa katika Kiswahili: Simu, Mnara na Ufanisi wa Mawimbi katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna simu ya mkononi na kituo cha mnara vinavyosaidiana ili mawimbi yatumike kwa ufanisi. Mifano imechukuliwa Kwale, hususan Msambweni, Diani na mpaka wa Lunga Lunga. Sambamba na hilo, makala yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaotumika kueleza jambo hili, na yanadai kwamba istilahi moja, yaani masafa, inabeba maana mbili zinazopingana, na kwamba mgongano huo unaweza kuwagharimu watumiaji wa lugha.

1.0 Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, chifu wa kwetu, sehemu za bara za Msambweni, aliniita barazani nifanye kazi ya ukalimani. Kampuni moja ya simu ilitaka kukodi kipande cha ardhi ili isimamishe mnara. Mhandisi aliyetumwa alikuwa Mkenya mwenzetu, na alitusalimu kwa Kiswahili kizuri tu. Alipofika kwenye maelezo ya kitaalamu akahamia Kiingereza, nami nikaambiwa nitafsiri. Alisema kwamba mnara ule ungetumia mawimbi ya chini, ambayo husafiri mbali zaidi kuliko yale yatumikayo mjini. Nami, kwa kujiamini kwa mwanafunzi wa Kiswahili, nikasema: "Mnara huu utatumia masafa ya chini."

Mzee mmoja akainua mkono. "Mwanangu," akaniuliza, "ikiwa masafa yake ni ya chini, mtauleta huku kufanya nini? Sisi shida yetu ni umbali."

Sikuwa na jibu. Kikao kiliahirishwa, mwenye shamba akasita, na mnara ukachelewa kwa miezi kadhaa. Katika miezi hiyo watu waliendelea kusimama chini ya mkorosho mmoja uliokuwa mahali pa mwinuko, ndipo simu zikamate mtandao. Na haja ya kuufuata mkorosho ule haikujali saa, maana mgonjwa huweza kuhitaji gari la kumpeleka hospitali ya Msambweni usiku wa manane. Tangu siku ile nimeona haya kusema kwamba tafsiri ni suala la darasani tu. Makala haya ni jaribio la kumjibu mzee yule, japo nimechelewa.

2.0 Masafa: urefu au marudio?

Neno masafa limetoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni umbali, kitu cha kupimwa baina ya nukta mbili. Mzee hakukosea hata kidogo. Wapwani husema masafa ya safari, na hiyo ndiyo maana aliyoijua.

Neno hili liliingia katika taaluma ya redio kupitia urefu wa mawimbi. Wimbi, liwe la bahari au la redio, lina kilele na bonde, na umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine ndio urefu wake. Redio za zamani zilitangaza vituo vyake kwa mita. Masafa mafupi yalikuwa mawimbi yenye urefu wa baina ya mita 10 na 100 hivi, na masafa ya kati yalikuwa yale ya mamia ya mita. Hapa masafa bado ni umbali, na istilahi imekaa sawasawa.

Baadaye vipimo vikabadilika. Badala ya mita, watangazaji wakaanza kutaja kilohazi na megahazi, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde moja, kipimo kilichopewa jina la Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Ujerumani aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi hayo mnamo miaka ya 1886 hadi 1888. Kipimo kikageuka, ila neno likabaki lile lile. Leo mtangazaji anapotaja masafa ya FM hakusudii umbali. Anakusudia idadi ya mitetemo. Na mambo haya mawili hukinzana: mawimbi yote ya redio husafiri kwa mwendo mmoja wa takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kadiri mitetemo inavyozidi ndivyo urefu wa kila wimbi unavyopungua. Wimbi la megahazi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, zaidi kidogo ya rula ya darasani. La megahazi 1800 ni nusu ya hapo. Kwa mantiki hii, masafa mafupi na masafa ya juu ni kitu kimoja. Ni lugha ngapi zinazoweza kustahimili neno ambalo ufupi wake ndio ujuu wake?

Pendekezo langu ni kwamba masafa yaachiwe umbali, na idadi ya mitetemo iitwe marudio. Neno hili si geni, kwani wapo waalimu wa fizikia walitumialo. Aidha lina nasaba njema. Kiarabu chenyewe, kilichotupatia masafa, hakilitumii neno hilo kwa maana ya mitetemo. Hutumia taraddud, lenye mzizi wa kurudi na kurudiarudia, mzizi ule ule uliotupa kitenzi chetu rudi. Tukisema marudio tutakuwa tumefika kwa njia yetu pale walipofika wenye neno.

Laiti ningalisema barazani kwamba mnara utatumia mawimbi marefu, mzee angalinielewa mara moja. Mawimbi marefu, yaani yenye marudio machache, hupinda kidogo yakikutana na kilima, hupenya ukuta na majani vizuri zaidi, na kwa hiyo hufika mbali. Mawimbi mafupi huchoka mapema. (Yupo atakayenipinga kwa kusema kwamba redio ya masafa mafupi ilisikika kutoka Ulaya hadi Vanga. Ni kweli, lakini mawimbi yale yaligonga tabaka la juu la anga na kurudi chini. Mawimbi ya simu yakienda juu ndiyo yamekwenda.)

3.0 Simu, mnara na maneno mengine yaliyotangulia vitu

Si istilahi zote zilizotuponyoka. Wataalamu wa asili za maneno hulihusisha neno simu na sim la Kiajemi, lenye maana ya waya. Basi simu ya mkononi, ukifuata nasaba, ni waya usio na waya, na wazee walioiita redio ya mawasiliano simu ya upepo walikuwa wameshaukubali mzaha huo kitambo. Mtandao umetokana na tanda, kitenzi cha wingu na cha utando wa buibui, na ni neno lililonyooka kuliko netiweki isemwayo barabarani, ingawa netiweki ndiyo inayoeleweka Ukunda na Kinango.

Mnara ndio unaonifurahisha zaidi. Pwani tuliujua mnara wa msikiti karne nyingi kabla ya mnara wa simu. Asili yake ya Kiarabu ni mahali pa nuru. Waliolihamisha neno hili kwenye nguzo ya chuma huenda hawakuwaza fizikia, lakini mawimbi ya redio na nuru ni jamii moja, tofauti yao ikiwa ni urefu wa wimbi tu. Kwa hiyo mnara wa simu hutoa nuru isiyoonekana, na nuru hii, kama ile ya taa, huwa na kivuli. Kijiji kilicho nyuma ya kilima kimo kivulini. Mji wa Kwale umekaa kwenye mgongo wa Milima ya Shimba, na aliye ukingoni mwake huona Diani na bahari. Mnara wa hapo huziona sehemu hizo vilevile. Aliye bondeni upande wa pili hauoni, hata kama yu karibu nao zaidi.

Katika makala haya, mnara ni nguzo, na kituo ni mitambo pamoja na antena zilizofungwa juu yake. Kwa kawaida antena hizo huelekezwa pande tatu na kuinamishwa chini kidogo, ili nguvu isipotelee mawinguni.

4.0 Anayesikia na asiyesikika

Watumiaji wengi hudhani kwamba vijiti vya mtandao kwenye kioo cha simu hueleza jambo zima. Vijiti hivyo hueleza jinsi simu inavyomsikia mnara. Havielezi kama mnara unaisikia simu.

Tumfikirie muadhini mwenye kipaza sauti na mtu aliye shambani maili moja kutoka msikitini. Adhana inamfikia vizuri. Akiitikia kwa sauti yake tupu, muadhini hamsikii. Ndivyo ilivyo hapa. Kituo hurusha kwa makumi ya wati, na kinapata umeme mfululizo. Simu ya kizazi cha pili inayotumia megahazi 900 haizidi wati 2, na ya kizazi cha nne haizidi takriban robo ya wati moja. Ndiyo maana mtu huona vijiti viwili, akapiga, na simu isiite. Kikomo cha mazungumzo huwekwa na mnyonge. Kituo hujitahidi kufidia unyonge huo kwa antena kubwa na masikio makali, lakini kufidia kuna mwisho.

Hapa ndipo ufanisi unapoanzia. Kituo hupima jinsi kinavyoisikia kila simu, kisha huiamuru ipandishe au ishushe sauti yake. Katika kizazi cha tatu amri hiyo hutolewa mara 1,500 kwa sekunde. Sababu ya haraka hiyo ni kwamba simu nyingi za kizazi hicho huzungumza kwa wakati mmoja na kwa marudio yale yale, na aliye karibu na mnara akipiga kelele humfunika aliye mbali. Ni adabu ya barazani: walio mbele wanong'one ili wa nyuma asikike. Jambo hili lina matokeo yanayoonekana hata kwa asiyejua fizikia. Simu ya mtu aliye mbali na mnara hulazimika kupaza sauti wakati wote, na betri yake huisha mapema. Wanakijiji wetu waliozilaumu betri bandia mara nyingine walikuwa wakilipa gharama ya umbali.

Nyumba nayo ina lake. Paa la makuti makavu hupitisha mawimbi vyema. Bati huyarudisha yalikotoka. Ukuta wa mawe ya matumbawe huyapunguza. Kwa hiyo nyumba bora ya kisasa, yenye bati juu na mawe pembeni, inaweza kuwa na mtandao dhaifu kuliko banda la jikoni lililo nyuma yake. Mwenye nyumba hiyo akisogea dirishani au mlangoni hasaidii masikio yake tu, anaisaidia simu ishushe sauti.

5.0 Upatanisho wa kisarufi na uponyaji wa makosa

Sehemu hii ndiyo iliyonishawishi kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kuzungumzia mawimbi. Mwaka 1948 Claude Shannon, wa maabara ya Bell nchini Marekani, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha habari inachoweza kupitisha. Kikomo hicho hutegemea upana wa mkanda wa marudio uliotengwa, na uwiano wa ishara kwa kelele. Alionyesha pia kwamba mtu anaweza kukikaribia kikomo hicho bila makosa, mradi aufunge ujumbe wake kwa ziada iliyopangwa vizuri. Ili kuieleza ziada hiyo, Shannon alitumia mifano ya lugha ya Kiingereza. Angalikijua Kiswahili angalipata mfano bora.

Tuichukue sentensi hii: Vitabu vyangu vyote vipya vimepotea. Kiambishi cha ngeli kimejitokeza mara tano, katika nomino, kimilikishi, kivumishi cha idadi, kivumishi cha sifa na kitenzi. Mwanafunzi mgeni hulalamika kwamba huu ni mzigo. Lakini tuseme laini ni mbaya na msikilizaji hakuisikia silabi ya kwanza. Viambishi vinne vilivyobaki vinamwambia kwamba kilichopotea ni cha ngeli ya KI-VI, na ni vingi. Upatanisho umeiponya silabi. Hata hivyo, haukuuponya mzizi: asiyesikia -tabu hajui kama ni vitabu au viatu. Ziada hulinda kile tu ilichopangiwa kukilinda.

Wahandisi hufanya vivyo hivyo kwa hesabu. Kabla ya sauti au picha kurushwa, huongezewa viungo vinavyotegemeana, ili kimoja kikipotea vingine vikitaje. Mwaka 1993 watafiti waliokuwa Ufaransa, Claude Berrou na Alain Glavieux pamoja na mwenzao, walitangaza mfumo wa viungo hivyo uliokaribia sana kikomo cha Shannon, na mfumo wa namna hiyo ukatumiwa katika kizazi cha tatu na cha nne. Kizazi cha tano kimerudi, kwa upande wa data, kwenye wazo la Robert Gallager la mwanzoni mwa miaka ya 1960, lililongoja miongo mingi kwa kuwa mitambo ya wakati wake haikuweza kulihesabu kwa wepesi.

Swali linalofuata ni la kiasi. Ziada ikizidi, mkanda unapotea bure. Ikipungua, ujumbe unaharibika. Kwa sababu hiyo simu ya kisasa humwarifu mnara kila mara jinsi inavyosikia, na mnara hubadilisha mtindo wa usemi. Kwa aliye karibu na mwenye mawimbi safi, kila mpigo wa kizazi cha nne huweza kubebeshwa biti 6 au zaidi na kuongezewa ziada kidogo. Kwa aliye mbali, mpigo hubebeshwa biti 2 tu, na ziada huwa nyingi. Pale neno linapopotea kabisa, simu huomba lirudiwe, kama sisi tusemavyo "Ati?", na kipokezi hakikitupi kile kipande kibovu cha kwanza, bali hukiunganisha na cha pili.

Wasomaji wa rika langu wataikumbuka lugha ya ujumbe mfupi, ambayo wahadhiri wetu waliilaani katika insha: cjui kwa sijui, 2taonana kwa tutaonana. Ujumbe ulikuwa na nafasi 160, nasi tulizikata silabi tulizojua kwamba mwenzetu angezirudisha mwenyewe. Siitetei tahajia hiyo. Nasema tu kwamba tulipunguza ziada pale tulipomwamini msikilizaji, na tulipomwandikia mzazi tuliirejesha.

6.0 Diani na bara: matatizo mawili

Yafaa ifahamike kuwa upungufu wa mtandao si tatizo moja. Diani, mwezi wa Desemba, hoteli zikijaa na barabara ya Ukunda ikifurika, kila mtu ana vijiti vyote na bado picha haifunguki. Hapo shida si umbali, ni wingi. Kuongeza nguvu hakusaidii sana, kwani pale mawimbi yalipokwisha kuwa safi, nguvu ikizidishwa mara mbili mwendo hupanda kidogo tu. Na zaidi ya hayo, kelele za mnara mmoja huwa fujo kwa mnara jirani. Dawa yake ni vituo vingi vidogo, vyenye sauti ya chini, vinavyotumia marudio makubwa yasiyofika mbali. Kutofika mbali, ambako bara ni kasoro, Diani ni sifa: marudio yale yale yanaweza kutumiwa tena mtaa wa tatu bila kugongana. Wazo hili la kuigawa nchi katika vijumba na kurudia marudio liliandikwa na Douglas Ring katika maabara ya Bell mwaka 1947, na bila hilo simu ya mkononi ingebaki kuwa kitu cha watu wachache.

Njiani kuna misitu. Kaya Kinondo, iliyo miongoni mwa Misitu Mitakatifu ya Kaya za Mijikenda iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008, ina miti mikubwa yenye majani mabichi, na maji yaliyomo katika majani hunyonya mawimbi, hasa mafupi. Sioni kwamba hili ni tatizo la kutatuliwa. Si kila mahali panapostahili kusikika.

Bara, kuelekea Kinango na Lunga Lunga, nyumba zimetawanyika na watu ni wachache kwa kila mnara. Huko hutakiwa mawimbi marefu, ya megahazi 700, 800 au 900, na nguzo ndefu. Tatizo jingine huko ni la kibiashara kuliko la kifizikia, na ndiyo maana sheria ya Kenya ilianzisha mfuko maalumu wa huduma kwa wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ili kugharimia sehemu ambazo kampuni zingeziruka.

7.0 Baharini na mpakani

Maji ya bahari hayana miti wala vilima, na wavuvi wa Shimoni na Wasini hupata mtandao mbali kuliko mkulima aliye umbali huo huo nchi kavu. Lakini simu ya kizazi cha pili ina mpaka mwingine usiotokana na nguvu. Kila simu hupewa nafasi yake ndogo ya wakati ya kuzungumza, na mawimbi yakichelewa njiani huingilia nafasi ya mwenzake. Kituo huiambia simu ianze mapema kidogo, lakini mapema hayo yana kikomo chake, ambacho ni sawa na umbali wa kilomita 35. Baada ya hapo mvuvi anaweza kuwa na mawimbi mazuri na asiruhusiwe kusema. Hapa, kwa mara moja, masafa ndiyo hasa kikwazo, kwa maana ile ya mzee.

Huko Vanga nimewahi kuketi kibarazani kwa shangazi yangu nikapokea ujumbe wa kunikaribisha Tanzania, na salio langu likakatwa kwa bei ya msafiri. Simu haijui mpaka. Humfuata anayesikika vizuri zaidi pale mnara wa nyumbani unapofifia. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliwaondolea wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania gharama hiyo ya kuvuka, na kwa watu wa mpakani, ambao ndoa na mazishi yao yako pande zote mbili, lilikuwa jambo kubwa. Kwa sasa njia rahisi ni kuiamuru simu ichague mtandao kwa mkono badala ya kuiachia ijichagulie.

8.0 Baraza la pili

Chifu aliniita tena. Safari hii nilikwenda na kamba ya nailoni, tukaifunga kwenye mwembe, nikaitikisa polepole, kisha kwa haraka. Wazee waliyaona mawimbi marefu na machache, kisha mafupi na mengi. Nikasema kwamba mnara wao ungetumia yale marefu yenye marudio machache, kwa kuwa hayo ndiyo yafikayo mbali. Mzee yule aliitazama kamba kwa muda.

"Na hayo ya haraka mmewapa nani?" akauliza.

Nikamwambia, watu wa Diani.

"Hayafiki mbali?"

"Hayafiki, mzee wangu, lakini hubeba mizigo mingi."

Akacheka, akasema basi ni kama mashua na ngarawa, kisha akataka kujua kama wajukuu wake hawataweza kufungua masomo yao kwa mawimbi hayo ya ngarawa. Nilimgeukia mhandisi. Naye, kwa Kiswahili, alimjibu kwamba wataweza, ila polepole kuliko wenzao wa Diani, mpaka kituo kiongezewe mkanda wa pili. Mzee alimwomba aseme ni lini, na karani wa chifu akaliandika jibu hilo katika kumbukumbu za baraza, neno kwa neno, pamoja na marudio.